Mama Aliyezikwa Kwenye Simu

Sehemu ya Kumi na Moja

Nyie mliokasirika juma zima mkitaka kujua kama Chihera, mama yake Taurai, kafa au hajafa, tulieni. Taurai bado yuko pale pale langoni nilipomwacha, begi begani, roho mkononi. Tuingie naye.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya Buhera. Uwanja wa nyumbani kwao umejaa watu. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo, moto wa matanga unawaka mchana kweupe. Na mbele ya moto, gauni la kijani la mama yake, lile la kanisani, linacheza.

Lakini aliyekuwa ndani ya gauni alikuwa na ndevu.

"Mzee Gwatidzo," Taurai akanong'ona.

Gwatidzo ni mtani wa ukoo wao, na mtani havai nguo za mtu ovyo. Huzivaa siku ya msiba wa mwenyewe, akaigiza marehemu alivyotembea na alivyogomba, mpaka wanaolia wacheke. Kuliona gauni lile mwilini mwa Gwatidzo ni sawa na kuonyeshwa kaburi.

"Mama!" Taurai akatupa begi, akakimbia, akaanguka kifudifudi mbele ya mlango wa jiko. "Mama yangu! Nimechelewa, mama!"

Kilio cha wanawake kikakatika. Mtu mmoja akacheka puani.

Mlango wa jiko ukafunguka. Akatoka Chihera mwenyewe na ungo wa karanga.

Mzima wa afya! Akampita mwanawe pembeni kama mtu apitavyo dimbwi, akaenda kuketi mkekani pamoja na waombolezaji wake, akaendelea kumenya karanga.

Taurai alibaki pale chini na vumbi mdomoni. Furaha ya kumwona mama yake ilidumu kwa pumzi moja tu. Iliyofuata ilikuwa aibu, na hiyo haikuwa na haraka ya kuondoka.

"Mama, uko hai?"

Chihera hakumtazama. Alimgeukia Gwatidzo.

"Mtani, mwambie huyo mgeni kwamba marehemu hazungumzi."

Gwatidzo akashika kiuno, akabana sauti, akamwita Taurai kwa jina la ukoo. "Umesikia, Shumba? Marehemu hazungumzi. Marehemu anamenya karanga."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata moto ulionekana kucheka.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nikupe kwa kifupi. Kwetu, mtu aliyemkosea mama yake mpaka mama akaingia kaburini na kinyongo, hufanya botso. Huvaa gunia, akaenda nyumba kwa nyumba akiomba ulezi huku akizomewa, kisha ulezi ule hupikiwa pombe ya kumtuliza marehemu. Nasema marehemu! Hakuna botso ya mama anayepumua.

Taurai, msanii wetu wa Harare, yeye asiyechora wala kuchonga bali huuza mawazo, akalichukua jambo hilo akalipeleka kwenye ukumbi wa sanaa. Akashona simu mbovu mia moja kwenye gunia, akalivaa, akaketi mbele ya kamera kwa matangazo mubashara. Akawaomba wageni wa ukumbini wamletee ulezi na Wazimbabwe wa dunia nzima wamtukane, na matusi yao yakawa yanapita ukutani kwa mwanga. Kazi akaiita "Gunia". Alisema inauliza mtu ni wa wapi ikiwa nyumbani kwake ni simu.

Siku ya nane mwanamke mmoja aliyeko ughaibuni akamwandikia: "Pole sana kaka. Mama alifariki lini?"

Taurai akainamisha kichwa. Hakusema neno. Aliinamisha tu, kwa kuwa kichwa kilichoinama kilipendeza kwenye kamera. Kufikia asubuhi alikuwa na wafuasi elfu arobaini na rambirambi zisizohesabika. Mtu aweza kuua kwa shingo, kumbe.

"Kaka, aibu unayo kweli?"

Sauti ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kinu. Ilikuwa ya Locadia, dada yake aliyeolewa na kuhamia Leicester, Uingereza. Uso wake ulijaa kioo kizima, macho mekundu.

"Loka, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Nimeletewa maua kazini! Kanisa zima limeniombea! Nimezimia kwenye jiko la watu, nimeamka, nimepiga simu nyumbani niulize nani anapanga mazishi. Unajua nani kapokea? Mama! Nikamwambia, 'Mama, umekufa.' Akaniuliza, 'Lini?'"

Wanawake walicheka mpaka wakaegemeana. Chihera peke yake hakucheka. Alipuliza maganda ya karanga kwenye ungo.

Watu walipoanza kufika jana na mablanketi na kuni, kwa kusikia uvumi wa mtandaoni, mama yule hakuwafukuza. Aliwaambia, "Kaeni, mmetoka mbali. Nami nataka nione nani atanililia kwa machozi." Wanawake wa ukoo wake wana sifa ya ukaidi nchi nzima, na jina lenyewe la Chihera, aitwalo kila binti wa ukoo huo, hutajwa mtu akitaka kumtisha mume.

Gwatidzo sasa alikuwa amepata mgeni wa kuchezea. Akajitupia gunia juu ya gauni, akashika kifuniko cha sufuria mbele ya uso kama simu, akakunja midomo.

"Ndugu watazamaji! Nipeni ulezi! Nipeni na moyo mwekundu! Mnaniuliza nyumbani ni wapi? Nyumbani ni pale penye chaji!"

Vifijo. Vigelegele. Taurai alitazama chini. Kule ukumbini alitukanwa na maelfu na hakuumia hata kidogo, maana yalikuwa matusi ya kuagiza. Hapa alichekwa na watu thelathini waliomwona akitambaa, na masikio yake yaliwaka moto.

Wenzetu wa pwani husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa maiti ana afya njema, na aibu yote ni ya mwosha.

"Mtani," Chihera akasema. "Niulizie. Gunia alianza kulivaa lini?"

"Shumba, gunia lini?"

"Mwezi wa tano," Taurai akajibu.

"Na kunizika kwenye simu ilikuwa siku ya ngapi?"

"Siku ya nane, mama."

"Mwambie asiniite mama, mimi ni marehemu. Muulize hivi. Botso huvaliwa na aliyekosa. Kosa la kunizika lilikuja siku ya nane. Siku ya kwanza alivaa gunia kwa kosa gani?"

Hata Gwatidzo alisahau kulirudia swali.

Ah, msomaji! Wewe na mimi tunajua. Hatujasahau sehemu ya tatu.

Locadia alipoolewa, mkwe alileta ng'ombe wa umama. Huyu si ng'ombe wa baba wala wa ukoo. Ni wa mama peke yake, wa uchungu wake na maziwa yake, na mizimu ya kwao ndiyo inayomlinda. Hauzwi, hachinjwi, haguswi bila mama na watu wa kwao. Chihera alimwita Wadzanai, yaani pataneni, na alimpapasa kila jioni kama mtoto wa tatu.

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, ng'ombe walikuwa wakifa kila mahali kwa ugonjwa ule wa kupe uitwao wa Januari. Chihera alikwenda Gutu kumwuguza dada yake. Taurai akaja "kusaidia nyumbani". Akamswaga Wadzanai mpaka mnadani Murambinda, akarudi Harare na kamera na mitambo ya kurushia picha ukutani. Mama aliporudi akaambiwa ng'ombe kafa kwa ugonjwa, kazikwa upesi usije ukaenea.

Na mama yule alifanya nini? Alilia siku mbili. Kisha akampigia mwanawe simu kumpa pole, maskini, kwa kuchimba shimo kubwa vile peke yake.

Pole ile ndiyo iliyomla Taurai. Alimaliza miaka miwili akiisikia kila anapowasha kamera. Watu wa ukumbini waliandika kwamba gunia lake ni wazo la kina. Halikuwa wazo, lilikuwa dhamiri inayomwasha, naye akaitafutia soko.

Sasa mama kamwuliza mbele ya watu. Mlango uko wazi. Sema, kijana!

"Ilikuwa sanaa tu," Taurai akasema. "Hakukuwa na kosa. Ni wazo."

Chihera alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyesikia jibu alilolitegemea.

"Haya. Botso haiachwi nusu. Muulize ulezi aliopewa huko mjini uko wapi, tupike pombe."

Taurai akajibu, "Tuliumwaga sakafuni."

"Mliufanyaje?" Mara hii Gwatidzo aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Tuliutandaza sakafu nzima. Ulikuwa ramani ya Buhera. Watu walitembea juu yake ili... ili wahisi nyumbani."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Bibi mmoja akashika mdomo. Mwaka wa ukame kama huu, watu wamekanyaga ulezi kwa viatu ili wahisi nyumbani! Hakuna aliyecheka. Taurai alitamani wacheke.

Simu ikalia mfukoni mwake. Gwatidzo, ambaye utani humruhusu hata kupekua mifuko ya watu, akaichomoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya padri:

"'Taurai mpenzi, nimesikia wanakuandalia botso ya kweli huko kwenu. Usizime kamera! Wageni wetu wa Ulaya wanaitaka. Piga picha kila nyumba, kila tusi. Hii ndiyo kazi ya maisha yako. Ni mimi Sekesai.' Nani huyu Sekesai?"

"Msimamizi wa maonyesho," Taurai akasema.

"Mwambie," Chihera akasema, "achague. Ama aende na hiyo simu arudi kwa Sekesai wake, nami nibaki nimekufa. Ama aiache hapa, avae gunia lisilo na simu, aombe ulezi kwa watu wanaomjua. Pombe ikiiva, nitafikiria kufufuka."

Hapo ndipo Taurai alipofanya jambo la kwanza la maana tangu hadithi hii ianze. Aliichukua simu, akaizima, akaitumbukiza kwenye kinu.

Walimvika gunia la mahindi lenye vumbi. Lilimwasha shingo, likamwasha kwapa. Wakampa kikapu. Gwatidzo akatangulia na gauni lake la kijani, akipiga debe. Nyuma ya Taurai, hatua kumi, akafuata Chihera, kashika simu yenye uso wa Locadia ikitazama njia. Nyuma yao, uwanja mzima.

Nyumba ya kwanza akapiga magoti, akapiga makofi ya salamu.

"Umemfanya nini mama yako?" Ndivyo mwenye nyumba hutakiwa kuuliza.

"Nilimzika akiwa hai, kwenye simu."

"Ptuu! Msomi mzima!" Konzi moja ya ulezi.

Nyumba ya pili walimwagia maji ya vyombo. Nyumba ya tatu walimwuliza kama mkewe naye ni wa kwenye simu. Ya nne, mwanamke aliyesoma naye shule ya msingi alimpa ulezi bila kumtazama, na hilo likamwuma kuliko maji.

Kila nyumba aliulizwa lile lile, naye alijibu lile lile. Na kila alipojibu alisikia nyuma yake mama akivuta pumzi, akingoja, kisha akiishusha.

Alijipa moyo kwa hesabu za mwizi. Ng'ombe wa mnadani huishia buchani. Wadzanai alishaliwa zamani, mifupa imeshalambwa na mbwa. Shahidi hayupo. Ya nini kuongeza kosa juu ya kosa?

Nyumba ya sita alikuwa bibi Marwei, asiyeona vizuri. Hakumzomea. Alimpapasa uso kwa viganja vilivyokauka, akamvuta sikio karibu.

"Nilikuwepo siku mama yako alipokuzaa," akanong'ona. "Siku mbili nzima, tukadhani tutawakosa wote wawili. Kuna kitu umekificha, mwanangu, nasikia unavyopumua. Kitoe hapa kwangu. Mwiba hutokea pale ulipoingilia."

Taurai alifungua mdomo. Naapa alifungua! Neno "ng'ombe" lilikuwa tayari liko juu ya ulimi.

Akageuka. Akamwona mama yake kasimama kwenye jua, na Locadia kwenye simu anafuta macho. Ng'ombe yule alikuwa heshima ya ndoa ya Locadia. Akafunga mdomo.

"Hakuna kitu, bibi."

Bibi akamwachia sikio. "Haya. Nenda."

"Kikapu kimejaa, mtani," Taurai akasema. "Turudi."

Gwatidzo akachungulia. "Bado vidole viwili. Iko nyumba moja ng'ambo ya kijito. Mzee Marizani, kaja kipupwe hiki kuurithi mji wa marehemu kaka yake. Hakujui, hatakutukana sana."

Wakavuka kijito.

Zizi la Mzee Marizani lilikuwa kando ya njia. Chihera, aliyekuwa amechoka na jua, akakohoa kikohozi chake kile kifupi.

Ndani ya zizi, ng'ombe mmoja akainua kichwa.

Jike jekundu, baka jeupe begani, sikio la kushoto limekatwa ncha. Akaacha majani. Akaja mpaka kwenye boma, ndama wawili nyuma yake, mmoja mkubwa na mmoja mchanga, akapenyeza pua kati ya magogo.

"Wadzanai?" Chihera akaita.

Ng'ombe akalia.

Kikapu kilimtoka Taurai mikononi. Ulezi wa nyumba sita ukamwagika njiani.

"Mama, yule ni nani?" Locadia akapiga kelele kwenye simu. "Nigeuzie! Mama, si amekufa yule?"

Mzee Marizani akatoka, anapangusa mikono. Hakumjua mtu. Aliona mama mmoja mwenye heshima kasimama na mkono juu ya pua ya ng'ombe wake, akapiga makofi ya salamu.

"Karibu, mama. Naona mmependana."

"Ahsante, baba. Ng'ombe mzuri. Ulimtoa wapi?"

"Mnadani Murambinda, mwaka juzi. Wallahi huyu kanibariki, ndama kila mwaka." Akacheka. "Na nilikaribia kumwacha! Kijana aliyeniuzia aliniambia ni ng'ombe wa umama. Nikamwambia hapana, mwanangu, sinunui laana. Lakini akaniapia. Akasema mama mwenyewe alishafariki, wamemzika sikukuu ya Krismasi, na wajomba wameridhia. Alilia kabisa. Mpaka mimi nikampa pole."

Hili, msomaji, Taurai hakuwahi kuniambia hata mimi. Nimemwandika wiki kumi na moja, nikadhani nimeshampekua mifuko yote. Kumbe siku ile ya nane ukumbini, kichwa kilipoinama, kilikuwa kinairudia njia ambayo kilikwisha kuipita. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilimzungusha miaka miwili kabla ya kumleta zizini.

Marizani akamtupia jicho mtu wa gunia. Akamtazama tena. Kicheko kikamfia.

"Si ndiye huyu?"

Watu wote wakamtazama Gwatidzo, maana hapo ndipo mtani hutakiwa kusema kitu, chochote, watu wapumue. Mtani hutania hata jeneza.

Gwatidzo alilivua gauni la kijani. Akalikung'uta vumbi, akalikunja mara mbili, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma, akainama kimya.

Chihera akalipokea. Akamkabidhi Marizani simu aishike, binti yake asije akakosa kuona. Akatembea hatua zile kumi, akachuchumaa mbele ya mwanawe aliyekuwa amepiga magoti kwenye ulezi uliomwagika, mpaka macho yao yakawa sawa. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamsemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtani, kwa sauti ya upole ile ile aliyompigia simu kumpa pole ya shimo.

"Taurai, mwanangu. Hiyo Krismasi. Nilikufa kwa ugonjwa gani?"